Basi Likiacha Mkia Barabarani

Hotuba hii niliitoa Mtwara mjini, Jumamosi moja jioni, mbele ya madereva wa haisi, bajaji na bodaboda, akina mama wa sokoni, na wanafunzi kadhaa ambao nadhani waliingia ukumbini kwa sababu nje mvua ilikuwa inanyesha. Nimeiandika karibu kama ilivyotoka mdomoni, nimepunguza marudio tu.

Mtwara kuchele!

(Kuchele!)

Shikamooni wazee wangu. Mama zangu, za jioni. Vijana wa bajaji mliokaa pale karibu na mlango ili mteja akipiga simu mchomoke, nimewaona, poleni na kazi.

Mwenyekiti aliponipigia simu alinipa swali moja: mabasi ya abiria yanaleta foleni mjini, au yanaipunguza? Nikamjibu hapo hapo, yote mawili. Akaniambia, "Njomba, hilo jibu la wanasiasa. Njoo ulieleze mbele za watu." Basi nimekuja kulieleza.

Nianze na kazi yangu ya kwanza. Kabla sijasomea mambo ya barabara nilikuwa konda. Sikuipenda, lakini ada ya chuo ilikuwa haijapatikana na mjomba wangu aliyekuwa Dar akasema, mtoto hakai bure. Nikapanda kipanya cha Mbagala kwenda Kariakoo, nikaning'inia mlangoni miezi minane. Hiyo ni miaka ya tisini. Gari lilikuwa la bwana mmoja ambaye sitamtaja. Saa kumi alfajiri mimi na suka, yaani dereva, tunalichukua kwake, usiku tunalirudisha na hesabu yake. Hesabu mnaijua. Kiasi chake hakibadiliki, mvua inyeshe, tairi lipasuke, trafiki akukamate. Ikishatimia, na mafuta yakishalipwa, kinachobaki ndicho chakula chenu wawili.

Kuna usiku mmoja hesabu ilipungua. Bwana yule alizihesabu noti juu ya boneti, chini ya taa ya genge la chipsi, moja moja, akizinyoosha kwa kidole gumba. Alipofika mwisho akanyoosha mkono mwingine kimya kimya. Suka akatoa mfukoni zile tulizokuwa tumeweka za wali maharage, akampa. Tukalala na chai. Kesho yake pale Mbagala gari lilijaa, viti vyote, lakini suka hakuondoka. Akasubiri wa kusimama. Nyuma yetu daladala zikapiga honi, zile za mbele zikarudi nyuma kugombea abiria wale wale, na barabara nzima ikaziba kwa sababu ya wali wa watu wawili.

Mnaelewa ninapokwenda? Mtu aliyekaa kwenye gari lake dogo pale nyuma alikuwa anatukana daladala. Mabasi haya! Wahuni hawa! Angejua kwamba kilichomziba ni zile noti zilizohesabiwa usiku uliopita kwenye boneti, huenda angemtukana mtu mwingine.

Sasa tuje kwenye hesabu ya aina nyingine, ya nafasi. Jana jioni nilipita kijiweni na futi ya kamba, vijana wakacheka wakadhani nataka kununua bajaji. Nikapima. Bajaji moja ina urefu wa mita 2.6. Coaster inakaribia mita 7. Tuseme tuna watu 30 wanaokwenda sokoni. Ukiwapakia kwenye Coaster moja, watakula mita 7 za barabara. Ukiwapakia watatu watatu kwenye bajaji, unahitaji bajaji 10, na ukiacha mita 2 kati ya moja na nyingine, msururu unafika mita 44. Ukiwapa magari yao madogo, na kwa kawaida gari dogo hubeba mtu mmoja au wawili, utahitaji kama magari 20, na msururu wake unapita mita 120. Nendeni uwanja wa mpira wa Nangwanda Sijaona mkaupange. Utaanzia goli hili, utafika goli lile, na mkia bado utatokea nje ya uwanja. Hayo yamesimama. Yakitembea yanahitaji nafasi kubwa zaidi, maana hakuna anayekimbia akiwa mita 2 nyuma ya mwenzake.

Kwa hiyo kwa upande wa nafasi, basi ni rafiki wa barabara. Hapo hakuna mjadala. Mjadala unaanza basi linaposimama.

Chukueni barabara ya njia moja kwenda na moja kurudi, kama nyingi tulizonazo. Asubuhi tuseme inapitisha magari 15 kwa dakika upande mmoja. Haisi inasimama katikati ya njia, inashusha mama na gunia lake la mihogo, dakika 1. Magari 15 yamejipanga nyuma. Haisi ikiondoka, foleni haiondoki nayo. Magari yanaanza kutoka, moja kila sekunde 2, maana yake 30 kwa dakika, lakini wakati hayo yanatoka mengine 15 yanafika na kujiunga mkiani. Inachukua dakika nyingine nzima ndipo barabara inyooke. Dakika moja ya konda ni dakika mbili za barabara. Na hapo sijaweka haisi ya pili iliyosimama ubavuni mwa ya kwanza ili kumwibia abiria.

Mtasema, si kuna vituo? Si wamechonga pembeni? Wamechonga. Lakini nani hapa amewahi kuona dereva wa Dar akiingiza gari lote ndani ya kituo? Anaingiza kichwa, mkia anauacha barabarani. Watu wanadhani ni ukorofi. Nilikuwa pale mlangoni, nawaambia ni akili. Ukiingiza gari lote, wenye magari madogo hawakupi nafasi ya kutoka. Utawasha indiketa mpaka balbu iungue. Basi unauacha mkia barabarani kama mtu anayezuia mlango kwa mguu usifungwe. Ujerumani waliliandika hili kwenye sheria yao ya barabarani: basi likitaka kutoka kituoni, wengine ni lazima wapishe. Sisi tumechonga kituo, lakini barabarani hakuna anayempisha mwenzake.

Na pembeni ya kituo wapo ndugu zetu machinga. Neno lenyewe limetoka huku kusini kwetu, kwa Wamachinga wa Lindi, kwa hiyo siwezi kuwasema vibaya ndugu zangu. Wanakwenda kwenye watu, na watu wapo kituoni. Lakini meza ya miwani ikikaa kwenye lami ya kituo, basi litakaa kwenye lami ya barabara. Vitu viwili havikai mahali pamoja, hata kama mgambo hajapita.

Kuna jambo moja nataka kulitetea, na vijana wa chuo mtanisamehe. Konda. Kila mtu anamsema konda. Lakini konda anakusanya nauli gari likiwa linatembea. London walikuwa na mabasi ya ghorofa mbili, Routemaster, yenye konda na mlango wa nyuma usiofungwa, abiria anaruka ndani na gari linaondoka. Desemba 2005 waliyaondoa kwenye huduma ya kila siku. Basi lisilo na konda ambalo kila abiria anasimama mbele ya dereva akitafuta sarafu, linasimama kituoni muda mrefu kuliko la kwetu. Mpaka 2014 ndipo wakaacha kabisa kupokea fedha taslimu kwenye mabasi ya mji ule. Konda wetu alikuwa amelitatua tatizo hilo kwa vidole vyake na noti zilizokunjwa kwa urefu. Shida yake ni kwamba tulimpa na kazi ya pili, ya kupiga debe.

Sasa, mabasi yakiondoka kabisa inakuwaje? Kuna mji mmoja uliojaribiwa bila kutaka. Los Angeles, Marekani, mji wa magari kuliko yote mnayoyafikiria. Watu wanaopanda basi na treni pale ni wachache sana, ukimuuliza mwenye gari atakwambia hata yasipokuwepo haoni tofauti. Mwaka 2003 wafanyakazi wa usafiri wa umma waligoma siku 35. Mtaalamu wa uchumi, Michael Anderson, alikaa akachambua vipimo vya barabara kuu za mji ule, na akachapisha matokeo 2014: muda ambao magari yalikuwa yanapoteza kwenye foleni uliongezeka kwa asilimia 47. Karibu nusu! Kwa abiria wachache wale kukosa usafiri wao.

Nilipolisoma mara ya kwanza nilirudi nyuma kulihakiki. Kisha nikaliona. Mpanda basi hapandi popote wala saa yoyote. Anapanda kwenye barabara ile iliyojaa, saa ile iliyojaa, kwa sababu ndiko basi linakopita. Ukimtoa kwenye basi ukamweka kwenye gari, unamuongeza pale pale palipobana. Ni kama ndoo iliyojaa maji mpaka ukingoni. Kikombe kimoja tu ukiongeza, sakafu nzima inalowa.

Kwa hiyo mwenye gari anayemtukana haisi anapaswa kuiombea dua. Abiria wote wale wangekuwa mbele yake.

Nije kwenye dawa, na hapa sitaki kuwa mrefu kwa sababu dawa ni chache. Bogotá, Kolombia, mabasi yao yalikuwa kama yetu. Mwenye gari, dereva, abiria wa kugombewa. Wenyewe walikuwa na jina la mchezo ule, waliuita vita vya senti. Nilipolisikia nikacheka peke yangu kama mwendawazimu, nikakumbuka boneti na taa ya genge. Desemba 2000 walifungua mabasi yao ya njia maalumu, TransMilenio, na watu wengi wanaangalia njia ile ya katikati na vituo vya vioo. Mimi naangalia kitu kisichoonekana kwenye picha. Waendeshaji wa mabasi makubwa wakaanza kulipwa kwa kilomita zilizotembewa, si kwa vichwa vilivyopakiwa. Seoul nao, Julai 2004, wakafuata mkondo huo huo kwa mabasi ya mji mzima. Ukimlipa mtu kwa kutembea, atatembea. Ukimlipa kwa kujaza, atasimama ajaze.

Dar mnaijua. Mwendokasi ulianza kubeba watu Mei 2016, kilomita 20.9, Kimara mpaka Kivukoni na matawi yake. Siku za mwanzo mtu wa Kimara aliyezoea kukaa saa 2 barabarani alikuwa anafika mjini kazi haijaanza, hajui afanye nini. Mwaka 2018 mji ukapewa tuzo ya kimataifa ya usafiri endelevu. Lakini njia peke yake si huduma. Mabasi yakawa machache kuliko watu, bonde la Jangwani likafurika na karakana ikiwa bondeni humo humo, na wanaopanda kila siku watawaambia kilichotokea: foleni ilitoka barabarani ikaingia kituoni. Magari hayajipangi tena, wanajipanga watu, wamesimama juani na mabegi vichwani. Kwenye takwimu za barabara hiyo inaonekana ni ushindi. Kwa mama mwenye mtoto mgongoni si ushindi.

Sasa sisi. Msidhani nimekuja kuwaambia mjengewe mwendokasi Mtwara. Hapana, msinijengee! Mji huu ulipangwa na Waingereza kwa ajili ya karanga. Mpango wao ulianza 1947, ukafa 1951, wakatuachia bandari yenye kina iliyokamilika 1954, reli ya kwenda Nachingwea ambayo ilifungwa na kung'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960, jina lake likabaki kwenye kata yetu ya Reli, na wakatuachia barabara pana kuliko mahitaji. Nilipokuwa mtoto tulikuwa tunacheza chandimu katikati ya barabara, gari likija tunatoa mawe ya goli, likipita tunayarudisha. Mji wa watu 108,299 kwa sensa ya 2012. Sensa ya 2022 imetukuta zaidi ya 146,000. Leo weka mawe yako barabarani uone.

Tuna kitu ambacho Dar walikitafuta kwa kubomoa nyumba za watu. Tuna nafasi. Hifadhi ya barabara ipo, haijajaa. Lakini naiona inavyoliwa kidogo kidogo, kibanda hapa, kijiwe cha bodaboda pale, na msimu wa korosho ukifika malori yanayosubiri kushusha bandarini yanapaki popote penye kivuli. Siku hizi kuna na ya makaa ya mawe kutoka Ruvuma. Siyalaumu, yanaleta fedha. Nasema tu pale lilipolala lori ndipo palipokuwa pasimame haisi.

Na haisi zenyewe. Nimekaa wiki nzima kwenye ruti ya Mikindani, asubuhi na jioni, nikiandika saa kwenye daftari. Kilomita kama 10 tu. Nikaona kitu ambacho wanahesabu wa Marekani na Australia walikiandika tangu 1964, Newell na Potts, nacho kinatokea hapa hapa chini ya minazi ya ghuba. Haisi ya kwanza inachelewa kidogo stendi. Kwa kuwa imechelewa, njiani inakuta watu wengi zaidi. Kwa kuwa ni wengi inachukua muda kuwapakia, inazidi kuchelewa. Ya pili nyuma yake inakuta vituo vitupu, inakwenda haraka, inaikamata. Zinafika mjini zimegusana, moja imejaa mpaka mlango haufungi, nyingine ina konda, dereva na kuku wawili. Kisha dakika 40 hakuna kitu. Jumatano niliwakuta wanafunzi wa sekondari pale barabarani, wameshika viatu mkononi kwa sababu ya tope. Ile iliyojaa haikuwachukua kwa sababu imejaa. Ile tupu haikuwachukua kwa sababu wanalipa nusu nauli na konda anatafuta hesabu. Ikapita taratibu kabisa, mlango wazi.

Sasa nani asiyepanda bodaboda katika hali hiyo? Nilisikia mguno kule nyuma nilipopima bajaji. Wanangu, sijaja kuwaondoa barabarani. Bajaji imeshinda Mtwara kwa haki. Haijazi, haisubiri, inakufikisha mlangoni, usiku inakwenda. Mtu wa Shangani anayekwenda Ligula apande basi la nini? Lakini mtu wa Mikindani, wa Naliendele, au wa mjini anayekwenda hospitali ya kanda kule Mitengo, yule safari yake ni ndefu, na bajaji 10 kwenye barabara ile ya njia moja moja ni zile mita 44 nilizopima. Bajaji imchukue nyumbani imfikishe barabara kuu. Pale basi limpokee. Na ili limpokee ni lazima ajue linapita saa ngapi, hata likiwa na watu wanne.

Hapo wenye haisi ndipo mnaponitazama vibaya. Nani atalipa mafuta ya watu wanne? Swali la haki. Jibu langu ni kwamba mkiwa haisi 12 kwenye ruti moja, kila moja na hesabu yake, mtagombana na wote mtapata kidogo. Mkiweka fedha ya ruti kwenye chungu kimoja, dereva akalipwa mshahara na kila gari likagawiwa kwa safari lilizotembea, yule wa watu wanne saa nane mchana analipwa na yule aliyejaza saa moja asubuhi. Chama mnacho. Daftari mnalo. Mnachokosa ni kuaminiana, na hilo sina futi ya kulipimia. Najua tu kwamba kwenye korosho tumeweza kuweka magunia ya wakulima mia mbili ghala moja, tukaenda mnada mmoja, na mzee wa Nanyamba akalipwa kwa kilo zake. Manung'uniko yapo, yapo sana, mzee yule pale anatikisa kichwa. Lakini hakuna anayesimama barabarani na gunia lake kugombea mnunuzi.

Manispaa nao nina maneno yao, mafupi. Chongeni vituo sasa, wakati kuvichonga ni kazi ya greda na wiki mbili. Wekeni paa, jua la hapa mnalijua. Na kituo kikishachongwa, kiwe cha basi.

Nilitaka kusema na habari za maegesho ya sokoni, ila mwenyekiti ananionesha saa, na konda wa haisi ya mwisho ya Mikindani amesimama pale mlangoni. Namuona ananipungia. Nilimwomba anisubiri nikimaliza. Ndiyo, mimi mwenyewe. Gari liko nje, injini inawaka, mkia uko barabarani.

Maswali mawili, jamani, la tatu tutalimalizia njiani.